Trekta linalogoma kuwaka asubuhi ya baridi: anza na stata na moshi, si pampu

Kuanzia Juni hadi Agosti, kwenye nyanda za baridi kama Kitulo, Njombe, Mufindi, Mau Narok na Kinangop, simu za mafundi huanza kuita alfajiri, na malalamiko ni yale yale. Trekta lililala zima. Asubuhi stata inazunguka weee, ekzosi inatoa wingu jeupe, betri inaishiwa nguvu, injini haijashika. Saa nne jua likipanda, linawaka kana kwamba halikuwa na shida yoyote. Mwenye trekta anaambiwa pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, imekwisha. Anaifungua, anailipia, na wiki inayofuata yuko pale pale alipokuwa.

Inauma kuona hela ya mkulima ikienda hivyo, kwa sababu mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwenye waya au kwenye kifaa kidogo cha kupashia hewa ambacho hakuna aliyekikumbuka. Kabla hujagusa spana yoyote upande wa dizeli, kuna mambo mawili ya kutazama: stata inazungusha injini kwa kasi gani, na ekzosi inatoa moshi wa namna gani. Hayo mawili yatakuambia uelekee wapi.

Baridi inafanya nini ndani ya silinda

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Moto wake unatokana na hewa kubanwa hadi ibaki kama sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wake, ikapata joto, kisha nozeli ikapuliza dizeli ndani ya joto hilo. Kwa hesabu ya kitabuni, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 28 inafika kama nyuzi 520 pistoni ikiwa juu kabisa. Ikiingia na nyuzi 5 inafika kama 460. Yaani kila nyuzi moja unayoikosa mlangoni, unakosa zaidi ya mbili mwisho wa kubana.

Nyuzi 460 bado zinatosha kuwasha dizeli. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ni ya injini isiyovuja inayozunguka kwa kasi. Stata ikiwa nzito, hewa inapata muda wa kupenya kwenye ringi zinazoziba pembeni mwa pistoni, na joto linapata muda wa kunyonywa na kuta baridi za silinda. Dizeli inachelewa kushika, pistoni inaanza kushuka, na kilichopulizwa kinatoka kwenye ekzosi kikiwa kibichi. Ndio ule moshi mweupe.

Huku kwetu milimani kuna jambo la pili ambalo mafundi waliojifunzia pwani hulisahau. Kwenye mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Injini inaanza kubana hewa ikiwa tayari nyepesi. Kwa hiyo trekta lenye ringi zilizochoka kidogo linaweza kuwaka kila siku Morogoro bila manung'uniko, likapandishwa Makete likagoma asubuhi ya kwanza. Wala halijaharibika njiani.

Uliza kwanza: linagoma likiwa baridi tu?

Swali hili peke yake limeokoa pampu nyingi zisifunguliwe. Pampu za mzunguko kama CAV DPA, zilizofungwa kwenye injini nyingi za Perkins za Massey Ferguson, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Zikilika, dalili yake ya kawaida ni kinyume cha hii tunayoizungumza: trekta linawaka asubuhi, linalima hadi mchana, ukilizima upate chakula halitaki tena mpaka lipoe. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja ndani ya pampu iliyolika, na kwa kasi ndogo ya stata mgandamizo hautoshi kufungua nozeli.

Linalogoma baridi na kuwaka vizuri likiwa moto, pampu yake huwa mshukiwa wa mwisho. Hapo tafuta joto au kasi iliyopungua, au dizeli iliyorudi kwenye tangi usiku.

Stata inazunguka kwa uvivu

Sikiliza kwa makini. Kwenye injini ya silinda nne, ukiweza kuhesabu kwa mdomo kila silinda inavyobana, moja, mbili, tatu, basi inazunguka polepole mno. Injini nyingi za namna hii zinataka mizunguko kama 150 kwa dakika au zaidi ndipo zishike bila kusumbua, na kwa kasi hiyo sauti za kubana hufuatana haraka kiasi kwamba huwezi kuzihesabu.

Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko nusu, na nusu ya betri kwenye baridi ni chini ya nusu, maana baridi yenyewe inapunguza nguvu inayoweza kutoa. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.5. Ikishuka, ipeleke ikachajiwe na kupimwa kwa mzigo kabla ya kulaumu kingine. Angalia na ukubwa wake pia: trekta la silinda nne linalostahili betri kubwa ya N100 mara nyingi hukutwa limefungwa ndogo ya N70 kwa sababu ilikuwa rahisi bei. Ukanda wa joto unalisamehe kosa hilo, Njombe hailisamehi.

Sasa nyaya. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi hupita mbio. Betri inaweza kuwa na volti 11 kwenye vichwa vyake wakati wa kupiga stata, lakini stata yenyewe ikapokea 8, kwa sababu zilizobaki zimeliwa njiani na kutu. Pima hivi: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri (risasi yenyewe, si kibanio) na nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku. Mwenzako apige stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri hadi kwenye chuma cha trekta, una tatizo. Kisha pima kutoka kichwa chanya hadi kwenye boliti nene ya stata. Hapo isizidi nusu volti.

Huna mita? Chukua waya mnene wa kubusti, funga upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri hiyo hiyo, upande wa pili bana kwenye bloku ya injini hiyo hiyo. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu mpya, umepata jibu bila kununua chochote.

Trekta moja la silinda nne nililoitiwa lilikuwa limeshafunguliwa nozeli zote. Waya wa ethi ulionekana mzuri, boliti imekaza. Nilipoufungua, chini ya kile kikombe cha shaba kulikuwa na rangi. Mtu alilipaka trekta rangi upya, akafunga waya juu ya rangi, na umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti tu. Boliti yenyewe ilikuwa imebadilika rangi kwa moto. Tulikwangua hadi chuma kikang'aa, tukafunga, tukapaka grisi juu yake. Zile nozeli hazikuwa na kosa.

Nyaya zikiwa salama na betri nzima, ndipo uishuku stata: brashi zilizokwisha, au bushi zilizolika hadi ile sehemu inayozunguka inasugua ukuta. Ukifungua na kuona alama za kusuguana, umeipata.

Kuna mzigo mwingine ambao si wa umeme. Oili nzito, SAE 40 au 50 iliyowekwa kwa nia njema ili injini iliyochoka isivute oili, inakuwa kama asali alfajiri ya nyuzi 4. Ukanda huu unataka 15W-40, iliyo nyepesi kwenye baridi. Na kanyaga klachi hadi mwisho unapopiga stata, hata kama gia iko huru. Usipokanyaga, stata inazungusha na gia za ndani kwenye oili iliyoganda, na katika Massey nyingi za zamani pampu ya haidroliki nayo iko humo humo. PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, iwe imezimwa.

Kasi ni nzuri, lakini hakuna moshi kabisa

Ekzosi ikiwa kavu, dizeli haifiki kwenye silinda. Usihangaike na joto.

Anza na kile kinachoonekana cha kitoto: kamba ya kuzimia. Kamba iliyokauka grisi inakuwa ngumu asubuhi. Kishikio kinarudi ndani lakini mkono mdogo wa pale kwenye pampu umebaki nusu ya njia. Nenda ukautazame kwa macho, usukume kwa kidole. Kwenye matrekta mapya kazi hiyo inafanywa na solenoidi ya umeme: washa swichi, usikie mlio mdogo wa "tak" kwenye pampu. Kusipokuwa na mlio, pima waya wake.

Baada ya hapo, shuku upepo. Usiku kucha dizeli imerudi taratibu kwenye tangi kwa sababu mahali fulani pamepitisha hewa. Jaribio lake ni jepesi: kabla ya kugusa stata, pampu kwa mkono ule mkono mdogo wa fidi pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini) hadi uhisi ukinzani. Likishika mara moja baada ya hapo, na siku zote usipopampu linasumbua, una mahali panapovuta upepo au valvu za fidi pampu hazishiki. Hata lile trekta linalowaka, likanguruma sekunde chache, likazima, likakataa, ugonjwa wake ni huu.

Tafuta kuanzia tangi hadi kwenye fidi pampu, maana huo ni upande wa kunyonya: upepo unaingia bila dizeli kudondoka nje, kwa hiyo usitarajie kuona unyevu. Mpira uliopasuka chini ya kibanio, washa ya shaba iliyotumika mara nyingi, kioo cha kikombe cha maji kisichokaa sawa. Kisha filta. Ile aina ya CAV 296, yenye boliti ndefu inayopita katikati, inakuja na ringi za mpira: kubwa za juu na chini, na moja ndogo ya katikati inayokaa kwenye boliti. Hiyo ndogo ndiyo inayobaki ndani ya boksi, au ya zamani inabaki imeng'ang'ania juu na mpya inawekwa juu yake. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya sevisi, fungua filta kabla ya kitu kingine.

Ukitaka kuona kwa macho, funga kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga kabla ya pampu ya nozeli. Mapovu yatajionyesha.

Kasi ni nzuri, moshi mweupe umejaa uwanja, injini haishiki

Dizeli inafika, joto halitoshi. Fanya jaribio hili kwanza: toa maji baridi kwenye rejeta na injini, ujaze ya moto ya kuvumilika mkono, subiri kidogo, upige stata. Likishika mzunguko wa kwanza, huna haja ya kuhangaika na tangi wala fidi pampu. Kinachokosekana ni joto. Maji hayo yasimwagiwe juu ya pampu ya nozeli: sehemu zake za ndani zimebanana sana, na zikipata moto kwa kasi tofauti zinaweza kukwama.

Sasa kagua kifaa cha kupashia. Injini zenye chumba kidogo cha awali juu ya silinda, kama Kubota ndogo nyingi, zina plagi ya hita kwa kila silinda na zinaitegemea karibu kila asubuhi. Vua ule mkanda unaoziunganisha, chukua balbu ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Isiyowasha balbu imekufa. Ikifa moja kati ya tatu, injini itashika kwa kukohoa. Zikifa mbili, utaikokota. Zikiwa zote nzima, pima kama umeme unafika kwenye ule mkanda swichi ikiwa kwenye hita, kwa maana rilei na fyuzi hufa pia.

Massey zenye Perkins, kama 135, 165 na 290, hazina plagi hizo. Zina kifaa kimoja kiitwacho Thermostart, kimefungwa kwenye bomba la kuingizia hewa, kina waya mmoja na kibomba chembamba cha dizeli. Waya ndani yake ukipata moto unafungua valvu, dizeli inadondoka na kuwaka, na hewa inaingia kwenye silinda ikiwa imepashwa na mwali. Namna ya kukitumia ni kushikilia swichi kwenye hita sekunde 15 hadi 20, kisha kwenda moja kwa moja kwenye stata. Madereva wengi hawajawahi kuambiwa. Wanazungusha ufunguo, unapita hita kwa nusu sekunde, wanapiga stata mpaka betri inalia.

Kukipima, shikilia hita sekunde 20 bila kupiga stata, kisha gusa kifaa kwa tahadhari. Kikiwa baridi, fuata waya. Kikiwa cha moto lakini trekta bado linasumbua, legeza kile kibomba: kama ni kikavu, kifaa kinajipasha tu bila mwali. Utashangaa ni matrekta mangapi kibomba hicho kimekatwa na kuzibwa kwa msumari, au kifaa kimeng'olewa na boliti ikafungwa kwenye tundu lake, kwa sababu fundi aliyeko chini kwenye joto hakuona kina kazi gani. Kwa trekta la nyanda za juu, kukirudisha ni kati ya matengenezo ya bei ndogo yanayolipa haraka.

Angalia na njia ya hewa. Vichujio vya hewa vya bakuli la oili vikijazwa kupita alama, au vikiwekwa oili nzito ya gia, injini inapumua kwa shida.

Hita ikiwa nzima, nenda kwenye nozeli, na sasa una sababu ya kufanya hivyo. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu haiwashi kwenye baridi. Injini ikishawaka na kugonga kwa silinda moja, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiilegeza mngurumo haubadiliki ndiyo silinda isiyofanya kazi. Vaa miwani, na weka mkono mbali na mahali dizeli inaporuka. Dizeli yenye mgandamizo inapenya ngozi na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali hata likionekana dogo kama la sindano. Nozeli zipimwe kwenye mashine yake, si kwa kutazama.

Pampu iliwahi kufunguliwa hivi karibuni? Basi kagua alama za taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli, kwenye shingo yake. Ikichelewa kidogo tu, utapata moshi mweupe asubuhi na trekta zembe kwenye plau.

Usiwashe kwa moto wa nje

Dawa ya etha ya kupuliza, au kitambaa kilicholowa petroli mdomoni mwa kichujio cha hewa: vyote vinalipuka kabla ya pistoni kufika juu, vinavunja ringi na kukunja koni rodi. Kwenye injini yenye plagi za hita au Thermostart, mlipuko unaweza kutokea ndani ya bomba la hewa, usoni pako. Na injini iliyozoeshwa etha inazidi kuchoka, hivyo inadai zaidi kila msimu. Jiko la mkaa chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nalo nimeliona mahali pengi. Pale kuna oili, dizeli na majani makavu. Maji ya moto kwenye rejeta yanafanya kazi ile ile.

Yote ni mazima, bado linagoma

Hapo ndipo ufikie kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Rekebisha kwanza nafasi ya valvu, kwa sababu valvu iliyobanwa mno haifungi vizuri na inaiba mgandamizo bure. Kwa Perkins A4.236 nafasi hiyo ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kisha pima kila silinda kwa geji ya dizeli, betri ikiwa imejaa. Ukisoma namba, kumbuka uko kwenye mwinuko gani: injini inayosoma psi 400 pwani itasoma kama 300 Kitulo, na ni ile ile. Kwa hiyo tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, elekea kwenye valvu, gasketi au pistoni ya hapo. Zote zikiwa chini kwa pamoja, na mdomo wa kupumulia injini unatoa moshi kwa pumzi nzito, ringi na slivu (kuta za silinda) zimelika, na ovahoo, yaani kuifungua injini na kuifanya upya, ndiyo iliyobaki.

Kama msimu wa kulima umeshafika na hela ya ovahoo haipo, trekta hilo bado linaweza kufanya kazi: oili ya 15W-40, ethi safi, betri ya N100, hita nzima, na maji ya moto kila alfajiri hadi mavuno yatoke.